Kofia ya Bakuli ya Mzee Luhende

Fimbo ya kwanza ilimpata Siméon ubavuni, akiwa bado amenyoosha mkono kusalimia. Ya pili ilitua juu ya kofia, ikaididimiza mpaka machoni, akawa haoni kitu. Alisikia tu kelele za wanawake, mbwa waliokuwa wakibweka, na sauti ya kijana mmoja iliyozizidi zote.

"Mwizi! Mwizi wa kofia ya baba huyu hapa! Kaja nayo kichwani bila aibu!"

Sauti hiyo aliifahamu. Ilikuwa ya Malale, mtoto mkubwa wa marehemu mzee Luhende. Na ni Malale huyohuyo aliyemkabidhi kofia ile kwa mikono yake miwili, wiki sita kabla ya siku hiyo.

Siméon alitaka kusema hivyo. Alipofungua mdomo, ngumi ikaingia, akameza jino.

Inafaa mtu huyu ajulikane kabla hajaendelea kupigwa, maana wengi waliosikia habari zake walisikia neno moja tu, na neno lenyewe halikuwa la kweli.

Siméon alikuwa seremala wa Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda. Alivushwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, umri wa miaka minne, na mwaka uliofuata, Katumba ilipofunguliwa, wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliofyeka msitu kwa panga. Alikulia hapo, akajifunza useremala kwenye karakana ya misheni, akapata uraia, akamwoa Athanasie, mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka thelathini alitengeneza milango, vitanda na mabenchi ya kanisa, na watu walipofiwa alitengeneza majeneza. Mteja akimletea misumari kilo moja, na iliyobaki ikawa minne, alimrudishia minne, imefungwa kwenye karatasi.

Alikuwa na jambo moja la ajabu. Alikusanya kofia ngumu za Kizungu za zamani, zile ambazo kichwa chake ni mviringo kama bakuli lililofunikwa, na ukingo wake ni mfupi, umejikunja kidogo pembeni. Katumba waliziita kofia za bakuli. Alikuwa nazo kumi, kila moja kwenye sanduku lake la mbao nyembamba. Hakuzinunua kwa fedha. Ya kwanza alipewa na mjane mmoja ambaye mumewe alivuka nayo kutoka Burundi na kulala nayo porini siku tisa, naye Siméon akamtengenezea mlango wa mninga. Nyingine aliipata kwa mzee wa Inyonga aliyewahi kuwa karani wa Wazungu, akamlipa mizinga minne ya nyuki. Moja aliikuta mnadani Majimoto, ndani ya lundo la mitumba, imekaliwa na kuku, akaiokoa kwa kigoda. Akifika nazo nyumbani alizisugua kwa kitambaa chenye unyevu akifuata malaika zake, yale manyoya laini ya kitambaa, na zilizolegea alizipaka ndani vanishi ya samani mpaka zikakakamaa upya.

Siku za kazi alifanya kazi kichwa wazi. Jumamosi, Jumapili na siku za msiba alivaa. Alipopita dukani vijana wa pikipiki walisimama kwa kejeli.

"Shikamoo, mheshimiwa waziri!"

"Marahaba, mpiga kura. Barabara yako nitaileta mwakani."

"Ulisema hivyo mwaka jana, mzee!"

"Ndiyo maana mimi ni waziri."

Wapo waliotafuta sababu ya huzuni. Walisema baba yake aliuawa kule amevaa kofia ya namna hiyo. Siméon alicheka. Baba yake aliuawa kweli, lakini maishani mwake hakuwahi kuvaa kofia, alijifunga kitambaa. "Mimi ni seremala," alisema. "Kila kitu ninachotengeneza kina pembe na kina kiungo. Nitafutieni kiungo kwenye hii. Hakuna! Basi acheni niivae."

Kofia ya kumi na moja ililetwa na Malale.

Ilikuwa wakati wa mvua. Malale alifika karakana na toyo ya kukodi, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ameketi mbele na dereva; nyuma, kwenye bodi, alikaa mdogo wake Suzana amejifunika khanga, anatetemeka. Walikuwa watoto wa mfugaji, mzee Luhende, Msukuma aliyehamia zamani na ng'ombe wake na kujenga kando ya barabara ya Inyonga. Mzee alikuwa amefariki usiku uliopita hospitalini mjini Mpanda.

"Fundi, nataka jeneza leo," alisema Malale. "Mjini wanataka hela mkononi."

"Na wewe huna?"

"Nina kitu kizuri zaidi."

Alitoa kwenye mfuko wa mbolea kofia ya bakuli ya rangi ya kahawia. Siméon aliishika akaketi. Hakuwa ameona kama ile. Kitambaa cha ndani kilikuwa hariri, na ukanda wa ngozi haukuwa na ufa hata mmoja.

"Ilikuwa ya mzee," Malale alisema. "Sasa ni yangu. Chukua, nipe jeneza."

"Ndugu zako wanajua?"

"Mimi ndiye mkubwa. Ajue nani tena?"

Siméon alimtazama Suzana. Suzana alitazama chini. Seremala akaona ni aibu ya msiba tu, akashika randa. Lile jeneza lilikuwa la mninga mtupu, lenye vishikio vya kuchonga. Lilizidi thamani ya kofia, naye alilijua hilo, akaona ni heshima kwa mzee aliyeitunza kofia vizuri kiasi kile.

Asichojua ni mambo mawili. La kwanza, ukoo ulikuwa umeshampa Malale dume zima la ng'ombe auze kwa ajili ya jeneza, na lile dume lilikwishaliwa na michezo ya kubahatisha kwenye simu kabla mzee hajapoa. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Katika ukoo wa Luhende, kofia ya mwenye mji, yaani mkuu wa boma, haiguswi mpaka siku ya kuondoa tanga. Siku hiyo kaka wa marehemu huishika mbele ya watu wote na kumvika mrithi. Atakayeivaa kabla ya hapo amesema kwa kitendo kwamba ng'ombe ni wake, mji ni wake, na wajane ni wake.

Ukoo ulipoulizia kofia baada ya maziko, Malale alijibu bila kusita: "Imeibwa siku ya msiba. Wale wakimbizi wa Katumba walioleta jeneza, nani mwingine?"

Wiki sita zikapita. Mama Nyanzala, mjane wa Luhende, alituma salamu kwa wote waliowasaidia katika msiba waje kuondoa tanga. Salamu zikamfikia na fundi jeneza. Sasa kwao Siméon, siku ya kumaliza msiba mtu huvaa kilicho bora kuliko vyote, kuwaonyesha wafiwa kwamba uhai unaendelea. Aliitoa kofia ya kahawia sandukuni.

"Nenda na ile nyeusi," Athanasie alimwambia.

"Hii ilikuwa ya baba yao. Nimeisugua siku nne. Wacha watoto wake waione inavyong'aa."

Kwa moyo huo mweupe alipanda pikipiki ya kijana jirani, Jean Bosco, akashuka kwenye mji wa Luhende saa tano asubuhi, akaingia uwanjani akitabasamu, na kofia ya marehemu kichwani.

Walimpiga kwa fimbo za kuchungia. Zilikuwa nyembamba na ngumu. Hazivunji haraka, zinachana. Alipoanguka walitumia miguu. Mtu mmoja mwenye viatu vya tairi alimkanyaga mkono wa kushoto, na Siméon aliusikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa rula ya mbao. Damu ilimwingia machoni. Aliviringika, wakamrudisha katikati. Alisahau, akakinga kichwa kwa ule mkono uliovunjika, akapiga yowe.

"Muulizeni aliipata wapi!" mwanamke mmoja alisema.

"Mwizi anaulizwa?" Malale alijibu, akamtandika mdomoni tena. Ilikuwa dhahiri kwa Siméon, hata katika maumivu yale: kila akitaka kusema, Malale ndiye aliyeuwahi mdomo wake. Wengine walipiga popote.

Nje ya uzio aliisikia pikipiki ya Jean Bosco ikiwashwa na kuondoka kwa kasi.

Kisha akaisikia harufu ya petroli. Tairi kuukuu la pikipiki lilitupwa karibu na kichwa chake, na mtu akatingisha chupa ya plastiki kuona kama mafuta yanatosha. Siméon hakusali. Aliwaza jambo moja, nalo lilimuuma kuliko mkono: kwamba atakufa mwizi. Athanasie atapita Katumba miaka yote iliyobaki akiwa mke wa mwizi, na wajukuu watauliza, na hakuna mtu atakayekuwa na jibu.

"Nilikuwepo!"

Alikuwa Suzana. Alipenya katikati ya wanaume akasimama juu ya tairi kwa miguu yote miwili.

"Nilikuwepo alipomkabidhi! Kaka aliitoa kwenye mfuko wa mbolea akabadilishana na jeneza la baba! Dume aliuza akabeti! Jeneza la baba limelipwa kwa kofia yake mwenyewe, nyie mnamuua fundi!"

Malale alimpiga kofi lililomwangusha. Hilo ndilo lililommaliza yeye mwenyewe, maana watu wote walimwona akimwangusha, na hakuna aliyemsikia akikanusha.

Mzee Stanslaus, kaka wa marehemu, ambaye mpaka hapo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akiacha vijana wafanye kazi, aliinuka. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo.

"Malale. Jeneza ulilipa nini?"

Malale aligeuzia uso kwenye uzio.

"Nakuuliza mimi, baba yako mkubwa. Dume liko wapi?"

"Baba mkubwa, huyu ni mkimbizi, mnasikiliza..."

"Sijakuuliza yeye ni nani."

Vijana walewale waliokuwa wakimpiga Siméon walimkamata Malale bila kuambiwa, wakampigisha magoti. Stanslaus mwenyewe alimsaidia Siméon kukaa. Akamfuta damu machoni kwa pindo la shuka lake, kisha akamwekea fimbo mapajani.

"Fundi, sikiliza vizuri. Sisi tumekukosea. Kwetu hapa aliyeonewa huchagua haki moja kati ya mbili, hapati zote. Ya kwanza ni hiyo fimbo. Mpige huyu mpaka utosheke; hakuna atakayekuzuia. Ila ukimpiga, yamekwisha. Hakuna mtu wa ukoo huu atakayelizungumza tena jambo hili popote, wala kwa mazuri wala kwa mabaya. Ya pili ni neno. Ukiiacha fimbo, mimi na wazee wawili tutakuja Katumba kesho, tusimame mbele ya watu wako tuseme kwamba hukuiba, na aliyeiba ni wetu. Chagua."

Siméon hakuwa na haja ya kufikiri. Alitaka neno. Alikuwa ameshaanza kuitoa fimbo mapajani airudishe, na midomo yake iliyopasuka ilikuwa inatafuta namna ya kutamka.

Malale aliinua uso. Aliongea taratibu, kwa ajili ya Siméon tu.

"Waache waje. Waseme watakavyo. Wewe utabaki mkimbizi uliyeokotwa porini, na kofia za marehemu wa watu."

Siméon alisimama. Jinsi alivyosimama hata yeye hakujua baadaye, maana mbavu mbili zilikuwa zimeachana. Aliishika fimbo kwa mkono wa kulia, ule wa msumeno, mkono uliokata mbao kwa miaka thelathini, akampiga Malale mdomoni. Meno yalitoka. Akampiga tena palepale. Akampiga shingoni, akampiga goti, akampiga mkono alioinua kujikinga, na kila pigo lilikuwa tamu, na utamu huo ukamfanya atafute pigo jingine. Mtu huyu hakuwahi kumchapa hata mtoto wake. Alipiga mpaka fimbo ikavunjika, na ilipovunjika alitumia kipande kilichobaki, akakisukuma usoni. Malale akapiga yowe lililowafanya hata wale vijana wamwachie. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa damu. Lilipona baadaye, lakini haliwezi tena kusoma.

Stanslaus alikichukua kile kipande mkononi mwa Siméon.

"Basi. Yamekwisha."

Kofia ilikuwa chini, imekanyagwa, imepasuka upande mmoja kuanzia ukingoni mpaka kileleni. Mzee aliiokota, akaikung'uta vumbi kwa kiganja, akaingia nayo ndani. Tanga halikuondolewa siku hiyo.

Mama Nyanzala ndiye aliyempakia Siméon kwenye toyo, akamtandikia gunia, akamnywesha maziwa ambayo nusu yalitoka na damu.

"Mama," Siméon alimwambia, "utakuja Katumba useme? Hata wewe peke yako."

Mama yule alimwaga maziwa yaliyobaki.

"Ulishapiga, fundi. Ungeniacha na mwanangu mwenye macho mawili, ningekuja kwa miguu."

Neno lilikuwa limemtangulia Katumba kwa muda wa saa tatu. Jean Bosco alikuwa amelitangaza kila alipopunguza mwendo: Siméon kakamatwa na kofia ya wizi, wanamchoma sasa hivi. Hakukusudia ubaya, aliogopa, na mtu mwenye hofu huongea. Lakini Siméon aliporudi akiwa hai, neno halikuondoka. Alipotoka hospitali na plasta mkononi, alimkuta mteja aliyeagiza kabati yuko karakana anachukua mbao zake, anazihesabu moja moja kwa sauti. Mwanamke aliyeuza maandazi njiani alimwita mwanawe ndani Siméon alipopita. Shuleni kuna aliyemwuliza Athanasie, kwa upole mwingi, kama zile nyingine kumi nazo ni za marehemu. Athanasie alimjibu kwa Kiswahili safi kabisa, na yule mtu hakurudia.

Nyumbani alimuuliza mumewe mara moja tu.

"Walikupa kuchagua, ukachagua fimbo?"

"Nilichagua fimbo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa mkononi."

Athanasie alimfunga upya kitambaa cha mkono. Kisha akasema, "Basi hakuna atakayekuja kukusemea. Utajisemea."

Jumapili ya tatu Siméon aliamua kwenda kanisani. Alifungua masanduku yote kumi. Kichwa kilikuwa bado kimevimba na kina bandeji, hakuna kofia iliyoingia. Alichagua nyeusi, akaibeba mkononi, akapita nayo katikati ya barabara kama ambavyo angepita nayo kichwani, mkewe pembeni yake amevaa gauni la sherehe.

Wakati wa matangazo, katekista Libérat alisoma zamu ya kufagia, akasoma ndoa mbili, akauliza kama kuna mwenye neno. Siméon alisimama kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe. Meno matatu yalikuwa hayapo, kwa hiyo aliongea polepole ili asieleweke vibaya.

"Kofia ya mzee Luhende sikuiba. Nilipewa na mwanawe Malale nikampa jeneza. Nilikosea kuivaa pale, sikujua mila yao, na nilipaswa kuuliza. Wao walijua ukweli siku ileile. Wakataka kuja hapa kuusema. Mimi nikakataa, nikachukua fimbo, nikamharibu mtu jicho. Hilo ndilo kosa langu. Kwa hilo mniite mnavyotaka. Lakini mwizi, hapana."

Akakaa. Libérat alikohoa, akasema tumsifu Yesu Kristo, watu wakaitika, ibada ikaisha.

Nje, watu walisimama kwa makundi wakijifanya wanazungumza habari za tumbaku. Jean Bosco alitoka kwenye kundi la vijana, akaja mpaka mbele ya Siméon, akizungusha funguo za pikipiki kwenye kidole.

"Mzee, mimi ndiye niliyeleta lile neno."

"Najua."

"Nilidhani umeshakufa. Ningejua..."

"Nilivimba tu." Siméon aliiweka kofia juu ya bandeji, ikakaa upande, akaishikilia kwa mkono wa kulia. "Uliwaambia wangapi?"

"Mzee, ni wengi. Nilipita mpaka stesheni. Nilisema hata mjini."

"Rudi kwao."

"Wote?"

"Wote uliowaambia la kwanza, uwaambie hili la pili. Na la jicho pia useme, usiliruke."

Jean Bosco alimtazama Athanasie, kama anayeomba msaada. Hakuupata.

"Itanichukua wiki, mzee. Na mafuta nani ataweka?"

"La kwanza ulilipeleka kwa mafuta ya nani?"

Vijana wa nyuma waliangua kicheko. Jean Bosco hakucheka. Alipanda pikipiki yake, akaiwasha, akasogea mpaka kwa yule mama wa maandazi, akazima, akashuka.

"Mama," walimsikia akisema, "kuhusu mzee Siméon. Nilikudanganya."